Ana laki tatu u nusu na skripti ya dakika 90: afanyeje?

Swali: "Mimi ni mwigizaji, naishi Kisauni, Mombasa. Nimecheza tamthilia na michezo ya jukwaani kwa miaka saba. Nimeandika skripti ya dakika 90 kuhusu mama wa Mji wa Kale anayetaka kuuza nyumba ya urithi, na mwanawe mvuvi anayekataa. Nina akiba ya shilingi 350,000. Nataka kuielekeza mwenyewe na nicheze mama. Je, zatosha? Nianzie wapi? Na niache tamthilia?"

Jibu:

Dada, tuanze na pesa kwa sababu ndizo zitakazokata shauri la mengine yote. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa sawasawa huchukua kama dakika moja kwenye skrini. Kruu ndogo inayojua kazi humaliza kurasa 4 au 5 kwa siku, kwa hivyo kurasa 90 ni siku 18 hadi 22 za kushuti. Gawa 350,000 kwa siku 20, wapata 17,500 kwa siku. Watu 14, waigizaji na kruu pamoja, wakinywa chai na mahamri asubuhi, wakala mchana na jioni, kwa makisio ya shilingi 700 kila mmoja, ni 9,800. Zimesalia 7,700 za kamera, sauti, taa, usafiri na malipo ya wote hao. Uhariri bado. Wengi huanza hivyo hivyo wakitumai mlango utafunguka njiani, na siku ya saba mwenye kamera abeba kamera yake akenda kushuti harusi.

Kwa hivyo hazitoshi dakika 90. Zatosha dakika 12, siku tatu za kushuti, na watu wakalipwa. Toa kwanza 35,000 uziweke kando kwa mvua, betri na jirani aliyeghairi. Toa tena 105,000 za kazi ya baada ya kushuti, yaani uhariri, kusafisha sauti, kurekebisha rangi, manukuu (tafsiri iandikwayo chini ya picha) na diski, na hizo uziweke mahali usipoweza kuzifikia kwa simu. Filamu nyingi za kwanza zimelala kwenye diski chini ya kitanda kwa sababu pesa ziliisha siku ya mwisho ya kushuti. Zilizobaki, 210,000, ndizo za maandalizi na siku zako tatu, na chakula cha siku hizo tatu kwa hesabu ile ile ni 29,400.

Sasa usiichukue hadithi ya dakika 90 ukaibana ndani ya 12. Itakuwa muhtasari, na muhtasari hauchezeki. Chukua siku moja tu: siku dalali anapokuja na mnunuzi kuipima nyumba kwa futi. Mama, mwana, dalali, mnunuzi asiyesema kitu. Nyumba moja, baraza moja, na labda shoti chache za ufukweni. Skripti ndefu ibaki kabatini. Hii fupi ndiyo utakayowaonyesha watu wenye pesa baadaye, kwa maana hakuna anayempa mwigizaji mamilioni kwa kusikia tu kwamba anaweza kuelekeza. Djibril Diop Mambéty wa Senegal alikuwa mwigizaji wa jukwaani katika Teatro ya Taifa ya Daniel Sorano mjini Dakar, hakusomea filamu, na alipofukuzwa pale alianza kwa filamu fupi mwishoni mwa miaka ya 1960. Filamu yake ndefu ya kwanza, Touki Bouki, ilitoka 1973. Zile fupi ndizo zilizokuwa shule yake.

Kuhusu kucheza mama mwenyewe, ushauri wetu ni usicheze. Kipaji unacho, hilo silo tatizo. Tatizo ni saa. Mwelekezi aliye nje ya picha huona teki, yaani kila mara shoti inaporekodiwa, ikiendelea na huamua papo hapo kama yafaa. Aliye ndani ya picha lazima airudie kuitazama. Teki ya dakika 4 yawa dakika 8, na ukiifanya mara tano umepoteza dakika 20 kwa shoti moja. Zidisha ratiba yako kwa moja u nusu: siku tatu zawa nne na nusu, na pesa zako ni za tatu. Tena kuna jambo ambalo halionekani kwenye hesabu. Mwigizaji anayekuchezea mwana atakuwa akikutazama machoni, na badala ya kumwona mamake atamwona mtu anayempima. Atakaza. Miaka saba umewajua waigizaji wa kike wa pwani hii, na bila shaka yuko mmoja ambaye kila mara ulimwona anapewa sehemu ndogo kuliko uwezo wake. Mpe huyo. Wewe, ukishindwa kabisa kujizuia, cheza jirani anayepita na ndoo.

Kinachokupa nafasi juu ya waelekezi wengi waliotoka kwenye kamera ni kwamba wajua mwigizaji anahitaji nini. Lakini hapo hapo ndipo waigizaji hukosea wakishika usukani. Kosa la kwanza ni kumsomea mwenzako mstari. Wausikia kichwani jinsi ungeusema wewe, wamwambia "sema hivi", naye auigiza. Utapata nakala yako, tena mbovu. Kosa la pili ni kuamuru hisia. Tuchukue mstari wa mama: "Nyumba yenyewe imeoza, mwanangu." Ukimwambia "sikitika zaidi" utapata machozi, na machozi ya teki ya kwanza yatakuwa yamekauka kufikia teki ya nne. Mwambie badala yake, "Mfanye akubali kabla dalali hajabisha hodi." Sasa ana kazi na ana haraka. Teki inayofuata mwambie, "Mfanye acheke kwanza." Mstari ni ule ule, ila umepata mama wawili, na mhariri wako atakushukuru. Kosa la tatu ni kujificha kwa waigizaji. Kruu ikikuuliza kamera ikae wapi nawe hujui, ni rahisi kurudi pembeni kuzungumza na mama juu ya maisha ya utotoni ya muhusika. Watu 11 wamesimama juani.

Fanya mazoezi jioni nne, ndani ya nyumba yenyewe, bila kamera. Kodi ya jioni hizo ni ndogo kuliko saa moja iliyopotea siku ya kushuti. Siku ya kwanza kusoma tu. Ya pili kusimama na kutembea. Ya tatu wape mikono kazi. Ya nne mwite mpiga kamera atazame na simu yake, mwandike shoti zote kwenye karatasi.

Hiyo kazi ya mikono hebu tuitazame kwa karibu. Tuseme mama amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi wakati akimwambia mwanawe habari za kuuza. Ni picha nzuri, nayo ni mtego mara mbili. Kwanza, mbuzi ina kelele kali inayopanda pale pale kwenye sauti ya mtu, kwa hivyo akikuna juu ya maneno hutayatenganisha tena. Mfundishe akune, aache, aseme, akune. Na hapo utaona kimya cha mbuzi kinasema zaidi ya mstari. Pili, nazi hupungua. Onyesho hilo ukilishuti kwa shoti 5, kila shoti teki 4, ni teki 20, na kila teki lazima ianze na kizio kizima, la sivyo kwenye uhariri nazi itapungua na kujaa kama mwezi. Vizio 20 ni nazi 10. Nunua 12, kwa kuwa mbili zitakuwa mbovu. Mtu mmoja awe na kazi ya kuandika: teki hii kizio kilifika wapi kwenye mstari upi, mtandio ulikaa bega gani, kikombe kilikuwa nusu au robo. Kazi hiyo usimpe mtu wa chai. Nazi iliyokunwa, kruu itakula wali wake jioni.

Shoti zenyewe zipange hivi. Anza na ile pana inayoonyesha chumba chote, ucheze onyesho zima mara tatu. Kisha shuti kila kitu kinachotazama upande mmoja, cha mama chote, cha karibu na cha mbali, ndipo ugeuze kamera na taa kwa mwana. Kila ukigeuza wapoteza kama nusu saa, kwa hivyo geuza mara moja tu. Chora mstari wa kufikirika kutoka pua ya mama hadi pua ya mwana, na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuvuka, kwenye skrini watu wawili wanaozungumza wataonekana wote wanatazama dirishani. Na kwenye klozapu, yaani picha za uso za karibu, anza na ya mtu anayechoka haraka. Mwigizaji wa jukwaani mara nyingi hupanda kadiri teki zinavyoongezeka, wa tamthilia huwa bora teki ya pili kisha ashuka. Hilo wewe walijua bila kufundishwa.

Kamera yoyote nzuri inayokodishwa na wapiga picha wa harusi yakutosha, usipoteze usingizi hapo. Mambo mawili tu. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hivyo shuti fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Ukiweka 1/60, taa za mirija na balbu za bei nafuu zitaacha mistari inayopanda na kushuka ukutani, na hakuna mhariri atakayeitoa bila kuumia. La pili ni unyevu. Kamera ikitoka kwenye chumba cha eisi kwenda barazani, lenzi yafunikwa na ukungu papo hapo. Ifunge ndani ya begi, itoe nje kwenye kivuli, ingoje nusu saa kabla ya kulifungua. Usiifute kwa leso.

Mwangaza wa hapa una tabia zake. Sisi tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo mchana jua laja wima utosini, macho ya mtu yazama kwenye kivuli cha nyusi na kila muhusika aonekana mgonjwa. Maonyesho ya nje yashutiwe kuanzia saa 12 u nusu hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 9 u nusu alasiri. Magharibi ni mafupi. Jua likishazama una kama dakika 20 za mwanga wa buluu, hapana zaidi, basi usiweke humo mazungumzo ya kurasa mbili. Saa 4 hadi saa 9 ingia ndani. Kwa uchochoro wa Mji wa Kale, ukuta mweupe uliopigwa na jua upande wa pili ni taa ya bure. Mweke mtu kivulini autazame ukuta huo.

Jambo linalowashinda wageni na hata wenyeji ni kanzu na buibui ndani ya fremu moja. Kanzu nyeupe yawaka hadi mshono haumo, buibui jeusi lageuka shimo, na uso uko katikati haujui umfuate nani. Pima mwangaza kwa uso, kisha iokoe kanzu kwa dawa ya zamani ya watu wa mavazi: iloweke kwenye chai ya rangi vuguvugu kwa dakika chache, isuuze, ianike. Kwa macho bado ni nyeupe, kwa kamera imeshuka nuru na mikunjo yaonekana. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Buibui nalo liwekee mwanga kutoka nyuma ubavuni, upate ukingo wa bega na mkono.

Sasa sauti. Hapa ndipo filamu nyingi za pwani zinapozama, na tungependa umlipe mtu wa sauti kabla hujaulizia bei ya lenzi. Maiki iliyo juu ya kamera haikusanyi maneno, yakusanya mtaa. Wataka maiki ya mlingoti ikae sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, nje kidogo tu ya fremu, pamoja na maiki ndogo za nguoni kama akiba. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, kilele cha sauti kicheze karibu na desibeli -12. Maiki ya nguoni chini ya buibui la kitambaa chepesi husugua na kutoa mchakacho kila mama akipumua. Ishike kwa plasta ya hospitali pande zote mbili, ngozi na nguo, au ipandishe kwenye ukingo wa mtandio.

Kabla ya kila onyesho la ndani zima pangaboi na zima friji. Ufunguo wa gari la produsa uwekwe ndani ya friji hiyo. Hakuna atakayeondoka akasahau kuiwasha, na samaki wa mwenye nyumba hawataoza. Ukimaliza kila chumba, watu wote wanyamaze na mrekodi ukimya wa chumba hicho kwa sekunde 60. Mhariri ataupaka chini ya maneno kuziba nyufa. Waelekezi wapya huuruka kwa haya, wakiona watu wamechoka.

Kelele za Mji wa Kale zina ratiba, kwa hivyo ziandike kwenye ratiba yako. Adhana ni mara tano, na kwa kuwa misikiti iko karibu karibu na haianzi kwa sekunde moja, tenga dakika 15 kila mara. Simama tu, watu wapumzike, wanaosali wasali. Kupigania teki juu ya adhana ni kukosa adabu na tena ni kazi bure. Ijumaa adhuhuri usipange kitu chochote mtaani. Kunguru hupiga kelele alfajiri na magharibi, saa zile zile ambazo mwanga ni mzuri, kwa hivyo shoti za wakati huo ziwe za watu wasiosema. Tuktuk na bodaboda huwezi kuzizima, ila kijana mmoja mwenye heshima kila upande wa uchochoro, wa mtaa huo huo, aweza kuomba dakika tatu. Akiwa mgeni hapewi hata moja.

Mwana wako ni mvuvi, basi utataka bahari. Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Bamvua likiwa kali, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukishuti nusu ya onyesho Jumamosi saa 10 alasiri maji yamejaa, ukasema umalizie Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo, utakuta mashua imelala mchangani: siku 7 mara dakika 50 ni karibu saa 6, nao ndio muda wa kutoka kujaa hadi kupwa. Ukilazimika kurudi, rudi baada ya siku 15, maji yatakuwa karibu pale pale. Jedwali la maji lipo, na mvuvi yeyote atakutajia bila jedwali. Kuhusu msimu, epuka Aprili na Mei kwa sababu ya masika. Agosti na Septemba kuna kusi, ambao ni mbaya kwa maiki ufukweni, ila nyumbani hewa ni nzuri na waigizaji hawalowi jasho. Kaskazi ya Januari hadi Machi ina mbingu safi na joto la kumyeyusha mpaka rangi ya uso wa mama.

Vibali vichukue mapema. Leseni ya kushuti yatolewa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, na filamu ikishakamilika huenda kwa Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya kuainishwa kabla ya kuonyeshwa hadharani. Fort Jesus, ambayo tangu 2011 imo kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO, iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, na kibali chake ni cha peke yake. Droni yataka usajili na rubani mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kando ya bandari na feri ya Likoni usiirushe wala usielekeze kamera bila ruhusa ya mamlaka ya bandari, maana utapoteza siku nzima ukijieleza kwa askari. Na kuna kibali kisicho na muhuri: mzee wa mtaa, kamati ya msikiti ulio karibu, na majirani wa nyumba tatu kila upande. Nenda mwenyewe, si kwa simu, siku kumi kabla, uwaeleze hadithi. Usiwafiche kwamba ni habari ya kuuza nyumba za urithi. Watalijua, na wengine wana kesi kama hiyo kortini.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na filamu ni mali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya humtambua kama mwenye kazi ya picha na sauti yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Yaani kwa kukosa karatasi, rafiki aliyekodi kamera na kulipa chakula aweza kusimama siku moja na kudai, naye asiwe mwongo. Basi kila mtu aweke sahihi kabla ya siku ya kwanza: mwandishi (hata ukiwa ni wewe, andika kwamba skripti yaingia kwa kampuni au jina la biashara yako), waigizaji, mpiga kamera, mhariri, mwenye nyumba. Uhamisho wa haki lazima uwe kwa maandishi, kwa hivyo maneno ya barazani hayahesabiki. Mtoto akionekana, mzazi atie sahihi. Ukitaka wimbo wa taarabu, wahitaji ruhusa mbili: ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Ni rahisi zaidi kumwita mpiga udi akutungie dakika mbili mpya na mkaandikiana.

Na usilipe watu kwa asilimia. Utawaahidi 12 kila mmoja asilimia 5, ukijumlisha umegawa 60, na filamu fupi yenyewe haina faida ya kugawa. Bora elfu tatu mkononi jioni ya siku hiyo. Anayejitolea bure andika hivyo hivyo, bure, na umpe nakala.

Kila jioni nakili kadi mara mbili kwenye diski mbili, fungua faili tatu nne uzitazame, ndipo kadi ifutwe. Nakala ya tatu ilale nyumba nyingine. Kwa video ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45. Ukishuti saa tatu za kazi kwa filamu nzima, ni kama 135, kwa hivyo diski tatu za 500 zatosha na kubaki.

Kwenye uhariri kaa mbali wiki moja kabla ya kutazama. Maradhi ya mwigizaji aliyegeuka mwelekezi ni kupenda uchezaji hata pale hadithi imeshatoka chumbani. Mama atalia kwa dakika mbili nzuri ajabu, na filamu yataka sekunde 20. Mwite mtu asiyejua ilichukua teki ngapi, mtazame bila kusimamisha, uandike tu ni wapi amesogea kwenye kiti. John Cassavetes, mwigizaji wa Marekani aliyetengeneza filamu zake nje ya studio, alionyesha Shadows mwaka 1958, hakuridhika, akarudi kushuti sehemu kubwa upya, na iliyotoka 1959 ni filamu nyingine.

Lugha usiisafishe. Mama wa Mji wa Kale asiyesema "yuwaja" wala "mato", anayezungumza kama msomaji wa habari, hatamdanganya mtu yeyote kuanzia Kibokoni hadi Kuze. Kama mchezaji wako ametoka bara, mkalishe na bibi wa mtaa kwa zile jioni nne. Manukuu ya Kiingereza utayahitaji kwa matamasha: mistari isizidi miwili, kila mstari herufi 42, na maandishi yasikae zaidi ya sekunde 7. Mpe mtu wa pwani ayatafsiri.

Ikishakamilika usiipandishe mtandaoni kwa furaha. Matamasha mengi yataka filamu isiyoonekana popote. Peleka kwanza ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ambako hadhira yaelewa neno kwa neno, kisha Durban, na tuzo za Kalasha za hapa nyumbani. FESPACO, tamasha la Ouagadougou, Burkina Faso, lililoanza 1969, hufanyika miaka isiyogawanyika kwa mbili. Dakika 12 zina nafuu kuliko 25 kwa sababu mpangaji wa tamasha hupata pa kuzichomeka. Mombasa ionyeshe Swahilipot au Little Theatre Club, na kiti cha mbele apewe mwenye nyumba.

Kuhusu tamthilia, usiiache. Cassavetes alicheza filamu za studio na runinga kwa miaka, na malipo hayo ndiyo yaliyomwezesha kutengeneza zake. Faces alishuti nyumbani kwake mwenyewe na ikatoka 1968. Hata hivyo kwa A Woman Under the Influence ya 1974 aliweka nyumba rehani, na hilo tusingependa ulijaribu na nyumba ya mtu yeyote. Tamthilia yakupa mshahara na darasa la bure: usipokuwa kwenye onyesho, usirudi kwenye kivuli na simu, simama nyuma ya skrini ya mwelekezi uhesabu shoti. Kisha isome mikataba yako. Angalia kama kuna kifungu kinachokukataza kufanya kazi nyingine ya skrini, na kama kipo, mwandikie produsa barua ya nusu ukurasa: hutaonekana kwenye picha, ni siku tatu, tarehe ni hizi, na jina la tamthilia halitatajwa kwenye tangazo. Omba jibu kwa maandishi. Tarehe zichague baada ya kupata ratiba yao ya mwezi, na ukishazipata, ndipo uangalie maji.